Wilma Rudolph: njiti wa kilo 2 aliyekuja kuwa bingwa wa mbio

Huku kwetu Shinyanga na Geita, mama akijifungua njiti, wapo wanaoanza kumpa pole kana kwamba mtoto ameshaondoka. Mama, kabla hujakata tamaa, msikie Wilma.

Wilma Rudolph alizaliwa tarehe 23 Juni 1940 katika jimbo la Tennessee, Marekani, kabla ya miezi kutimia. Alikuwa na kilo 2 tu. Katika watoto 22 wa baba yake, yeye alikuwa wa 20. Mama yake, Blanche, alifanya kazi za ndani kwenye nyumba za Wazungu.

Utotoni aliugua nimonia, kisha polio ikaupooza mguu wake wa kushoto. Chanjo ya polio ilikuwa bado haijapatikana. Kwa kuwa watu weusi walibaguliwa hospitalini, mama yake alimpeleka kwa basi kila wiki hadi Nashville, kilomita zipatazo 80. Mama wa Geita aliyewahi kupewa rufaa ya Bugando anaijua safari ya namna hiyo. Nyumbani, mama na ndugu zake walipokezana kumkanda mguu mara nne kwa siku. Alivaa chuma mguuni kwa miaka kadhaa, lakini alipofika miaka 12 alikuwa akitembea bila chuma.

Mwaka 1956, akiwa na miaka 16, alipata medali ya shaba Melbourne. Mwaka 1960 huko Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia aliposhinda marathoni akiwa peku, Wilma alichukua dhahabu 3: mita 100, mita 200 na mbio za kupokezana vijiti. Yule mtoto mdogo alikuwa amefikia urefu wa futi 5 na inchi 11. Alizaa watoto wanne, akafariki mwaka 1994.

Si kila njiti atakuwa bingwa, lakini wengi huishi na kukua vizuri wakitunzwa mapema.

Kwa nini mtoto huzaliwa mdogo?

Chini ya kilo 2.5 ni uzito pungufu. Mtoto anaweza kuwa amezaliwa kabla ya wiki 37, au miezi imetimia lakini hakukua vizuri tumboni. Malaria, upungufu wa damu, shinikizo la damu, mimba za kufuatana na mapacha huchangia.

Ufanye nini?

- Ukiwa mjamzito, wahi kliniki, meza SP na vidonge vya damu, lala ndani ya chandarua. Kaa mbali na zebaki na moshi wa kuchoma dhahabu; humdhuru mtoto tumboni.
- Njiti akizaliwa, mbebe kifuani ngozi kwa ngozi, yaani kangaruu. Baba au bibi wanaweza kukupokea.
- Mpe maziwa yako tu. Asipoweza kunyonya, kamua umnyweshe kwa kikombe kama muuguzi atakavyokuelekeza.
- Akiwa wa baridi, akikataa kunyonya au akipumua kwa shida, mwahishe kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.