Hülsmeyer: Mvumbuzi wa rada aliyekataliwa na wenye meli

Na Mwandishi Wetu

NI mabaharia wachache wanaolijua jina la Christian Hülsmeyer, ingawa kila wanapopita gizani au kwenye ukungu wanategemea chombo kilichotokana na wazo lake. Mjerumani huyo alipata hataza ya kifaa cha kugundua meli kwa mawimbi ya redio mwaka 1904, miaka 31 kabla ya Waingereza kufanya jaribio lao mashuhuri la rada.

Hülsmeyer alizaliwa Desemba 25, 1881 katika kijiji cha Eydelstedt, kaskazini mwa Ujerumani. Mwaka 1900 alijiunga na chuo cha ualimu katika mji wa bandari wa Bremen. Huko alirudia majaribio ya Heinrich Hertz, mwanasayansi aliyethibitisha katika miaka ya 1880 kwamba mawimbi ya redio yakigonga chuma hurudi.

Wakati wengine wakihangaika kutuma ujumbe kwa mawimbi hayo, kijana huyo aliwaza kuyatumia kuokoa maisha. Zama hizo, nahodha aliyezingirwa na ukungu hakuwa na msaada zaidi ya honi, kengele na masikio yake.

Mwaka 1902 aliacha ualimu, akaenda kujifunza ufundi wa umeme. Baadaye alihamia Düsseldorf, ambako mfanyabiashara wa ngozi wa Cologne, Heinrich Mannheim, alikubali kumgharimia.

Kifaa chake alikiita Telemobiloskop. Kilitoa mawimbi kwa cheche za umeme na kuyaelekeza upande mmoja. Mawimbi yalipogonga meli na kurejea, kipokezi kilinasa mwangwi huo na kengele ikalia.

Mei 1904 alikionyesha hadharani mjini Cologne, kando ya mto Rhine, na kengele ikalia vyombo vilipopita. Mwezi uliofuata alikipeleka Rotterdam, Uholanzi, mbele ya wawakilishi wa kampuni za meli, na kikagundua vyombo vilivyokuwa umbali wa kilometa tatu hivi.

Pamoja na mafanikio hayo, hakuna aliyenunua. Jeshi la Majini la Ujerumani, chini ya Alfred von Tirpitz, lilikataa, na kampuni ya Telefunken nayo haikuvutiwa. Kifaa chenyewe kilikuwa na kasoro: hakikuweza kutofautisha mwangwi wake na mawimbi ya mitambo mingine, wala hakikupima umbali moja kwa moja. Hülsmeyer aliandikisha hataza ya pili kutibu kasoro hiyo ya umbali, lakini fedha zilikwisha na ubia wake na Mannheim ukavunjika.

Gharama ya kuchelewa ilionekana Mei 29, 1914. Meli ya abiria Empress of Ireland iligongana na meli ya mizigo Storstad katika ukungu wa mto St. Lawrence, Canada. Watu zaidi ya 1,000 walikufa, ingawa meli hizo zilikuwa zimeonana kabla ukungu haujatanda.

Hülsmeyer hakukata tamaa ya maisha. Alianzisha kampuni ya vifaa vya boila za mvuke mjini Düsseldorf, akafanikiwa. Mwaka 1935 Robert Watson-Watt wa Uingereza alithibitisha kwamba ndege huweza kugunduliwa kwa redio, na Vita Kuu ya Pili ikaifanya rada kuwa silaha. Hülsmeyer alifariki dunia Januari 31, 1957, akiwa na umri wa miaka 75.

Leo sheria za kimataifa zinazilazimisha meli kubwa kuwa na rada. Kwa miongo mingi rada hizo zilitumia magnetroni, yenye kutoa mipigo mifupi ya nguvu kubwa na kuchakaa upesi. Rada mpya za melini na za ulinzi wa pwani hutumia transista, zinazodumu zaidi. Hutoa mipigo mirefu ya nguvu ndogo, kisha kompyuta huuchambua mwangwi hadi kuitenga mashua ndogo na mawimbi ya bahari.

Kengele ya Hülsmeyer imegeuka kioo, lakini kanuni ni ileile: kutuma wimbi na kusubiri lirudi.