Ryall: Mwindaji aliyewindwa na simba Kima

KIMA, katika Kaunti ya Makueni, ni stesheni ndogo, lakini ndipo alipofia Charles Henry Ryall, mrakibu wa polisi wa Reli ya Uganda, mnamo Juni 6, 1900.

Kabla ya usiku huo, simba alikuwa amewaua wafanyakazi kadhaa wa reli mahali hapo. Ryall, aliyekuwa safarini kwenda Nairobi pamoja na Huebner, Mjerumani, na Parenti, Mwitaliano, alikata shauri kumvizia. Behewa lao liliachwa kwenye reli ya kando, likawa limeinama kidogo upande mmoja.

Ryall alishika zamu, lakini usingizi ukamzidi. Simba akaingia, na kwa mwinamo ule mlango wa kusukuma ukajifunga nyuma yake. Alimkanyaga Parenti aliyelala sakafuni, akamnyakua Ryall na kutokea naye dirishani.

Mabaki yake yalizikwa Nairobi. Baadaye simba alinaswa mtegoni, akauawa.

Behewa lenyewe lilihifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Jina la Ryall linajulikana hadi leo. Majina ya vibarua waliomtangulia kuuawa hayatajwi.