Sydney Allard, fundi aliyeipa gari ya Kiingereza injini ya Kimarekani

Barabara ya vumbi ya kutoka Nzega kwenda Bukene ina magari ambayo jina la nje ni moja na moyo wa ndani ni mwingine. Utakuta Land Rover ya zamani, bodi yake ya Uingereza, lakini ikiunguruma unasikia dizeli ya Kijapani. Fundi ameitoa injini iliyochoka na kufunga kubwa zaidi, mpya zaidi. Wengi wetu tunadhani ni ubunifu wa huku kwetu, uliozaliwa na shida ya vipuri. Kumbe Uingereza kwenyewe alikuwapo mtu aliyeifanya kazi hiyo tangu miaka ya 1930, akapata jina kubwa, kisha kiwanda chake kikafa. Leo tunasimulia maisha yake.

Sydney Allard alizaliwa London mwaka 1910. Familia yao ilikuwa ya wajenzi, lakini kijana alipenda vyuma kuliko matofali. Alianza mashindano akiwa bado kijana mdogo, kwa gari ya Morgan yenye magurudumu matatu. Baba yake alimsaidia kupata gereji iliyokuwa ikiuza na kutengeneza magari ya Ford, na hapo ndipo bahati yake ilipokaa.

Ford ya Marekani ilikuwa imetoa injini ya V8 mwaka 1932. Siku hizi huku kwetu ukisema V8 mtu anafikiria Land Cruiser ya kiongozi, lakini jina hilo ni la injini: silinda 8 zimepangwa safu mbili, 4 kila upande, na safu hizo zimeinama zikafanya umbo la herufi V. Injini ile ya Ford ilikuwa na ujazo wa lita 3.6. Haikuwa na ufundi wa ajabu, ila ilikuwa na nguvu nyingi tangu mzunguko wa chini, na bei yake ilikuwa ndogo. Magari mengi ya michezo ya Kiingereza wakati ule yalikuwa na injini ndogo, ambazo lazima uzikanyage mpaka zilie ndipo ziondoke.

Mwaka 1936 Allard alichukua Ford V8 iliyopata ajali, akaivua bodi, akaivika vipande vya gari ya mashindano ya Bugatti. Gari hiyo ilisajiliwa CLK 5. Aliitengeneza kwa mashindano ambayo sisi wa huku tungeyaelewa haraka: kupanda vilima vya matope na mawe bila kukwama. Ilishinda, na watu wakaanza kumwomba awatengenezee nyingine. Kabla ya vita vya pili vya dunia zilitoka takriban 12, baadhi zikiwa na injini kubwa zaidi ya Lincoln, yenye silinda 12.

Hapa tusimame kidogo, maana ndipo palipo na somo la fundi. Allard hakuishia kubadilisha injini. Ekseli ya mbele ya Ford ilikuwa chuma kimoja kilichonyooka kutoka gurudumu hadi gurudumu. Jiwe likipiga upande mmoja, upande wa pili nao unatikisika. Alitumia mbinu ya fundi mwingine, Leslie Ballamy: ekseli inakatwa katikati, kila nusu inafungwa mahali pake, ili kila gurudumu lipande na kushuka peke yake. Haikuwa dawa kamili, kwa sababu gurudumu lilikuwa linainama kila linaposhuka, na dereva alihitaji mkono imara. Lakini inaonyesha alichokuwa anakijua: nguvu ikiongezwa sehemu moja, sehemu zote zinazoipokea zinaulizwa swali jipya.

Watu wa Unyamwezi hawahitaji kufundishwa hilo. Katika njia ya misafara iliyopita Tabora kwenda pwani, mzigo wa mpagazi ulipimwa kufuata bega lake, kwa kawaida kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kidogo. Gari nayo ina bega lake. Injini kubwa inasokota giaboksi na ekseli kwa nguvu ambayo havikutengenezewa, nayo meno ya gia yanakatika. Uzito wake unakaa mbele, springi zinalala, usukani unakuwa mzito. Joto linazidi uwezo wa rejeta ya zamani. Halafu kuna breki, ambazo fundi wengi huziacha mwisho, wakati gari iliyokuwa ikienda kilomita 80 kwa saa sasa inafika 120. Tungesema breki ziwe za kwanza. Na usisahau kwamba kadi ya gari ina namba ya injini. Ukibadilisha chuma, badilisha na karatasi.

Wakati wa vita gereji ya Allard ilitengeneza magari ya jeshi. Vita vilipokwisha mwaka 1945 alianzisha kampuni yake, Allard Motor Company, mtaa wa Clapham, London. Hata mabaki ya adui hakuyadharau. Alipata injini ya Steyr yenye silinda 8, iliyokuwa ya magari ya jeshi la Ujerumani, inayopozwa kwa upepo badala ya maji, akaifunga kwenye gari ndogo, na mwaka 1949 akawa bingwa wa Uingereza wa mashindano ya kupanda milima.

Gari iliyompa sifa duniani ni J2. Uingereza baada ya vita haikuwa na dola za kutosha, kwa hiyo kuagiza injini mpya kutoka Marekani ilikuwa shida. Allard akaona njia: magari mengi yalipelekwa Marekani bila injini, mnunuzi anafunga mwenyewe akifika nayo, mara nyingi Cadillac mpya ya lita 5.4. Gari yenyewe ilikuwa na uzito wa tani moja hivi. Mwaka 1950 Allard na mwenzake Tom Cole waliiendesha kwenye mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Giaboksi ikapoteza gia za chini, wakabaki na gia ya juu peke yake, lakini wakamaliza nafasi ya 3. Injini haikuwaangusha, kilichoshindwa ni kile kilichokuwa nyuma yake.

Mwaka 1952 akashinda mashindano ya Monte Carlo akiwa na Guy Warburton na Tom Lush, katika gari ya P1 aliyoitengeneza mwenyewe, akimtangulia Stirling Moss kwa sekunde 4 tu. Mkewe Eleanor naye alikuwa dereva wa mashindano.

Lakini sifa haikulipa mishahara. Jaguar ilikuwa imetoa XK120 mwaka 1948, ikiwa na injini yake yenyewe, ikiuzwa kwa bei ambayo karakana ndogo haikuiweza. Kwa maoni yetu hapo ndipo Allard alipobanwa: moyo wa gari yake ulikuwa mikononi mwa wengine. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1950 kazi ilikuwa imekwisha, jumla yakiwa yametoka magari yapatayo 1,900.

Wazo lake lilipata mtu mwingine. Mmarekani Carroll Shelby aliyekuwa ameendesha Allard yenye Cadillac huko Argentina mwaka 1954, alichukua gari ya Kiingereza ya AC Ace na mwaka 1962 akaifunga Ford V8 ya lita 4.2. Ndiyo Cobra. Alipotaka kuweka ya lita 7, chesisi ya zamani haikufaa, ikabidi itengenezwe nyingine yenye mabomba manene.

Allard mwenyewe aligeukia mbio fupi za kunyooka, ambazo Waingereza walikuwa hawajazizoea, akajenga gari ya namna hiyo yenye injini ya Chrysler. Alifariki Aprili 1966, akiwa na miaka 55. Usiku uleule moto uliteketeza kiwanda cha Clapham pamoja na kumbukumbu zake nyingi. Tom Lush, yule aliyekuwa naye Monte Carlo, ndiye aliyekusanya historia ya magari hayo na kuitoa katika kitabu mwaka 1977.