Wangari na miti saba



Kila 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, tunapanda miti, tunapiga picha, tunarudi nyumbani. Inasaidia kweli? Mimi nikijiuliza hivyo namkumbuka Wangari Maathai.

Alizaliwa Nyeri, Kenya, mwaka 1940. Akiwa shule ya masista pale Mathari akawa Mkatoliki, akajiunga na Lejio ya Maria. Baadaye alisoma biolojia Marekani, kwenye chuo cha masista Wabenediktini.

Tarehe 5 Juni 1977, siku hiyohiyo tunayoiadhimisha, yeye na wenzake wa Baraza la Wanawake waliandamana hadi Kamukunji, Nairobi, wakapanda miti saba. Saba tu, jamani! Angeishia hapo, ingekuwa sherehe kama sherehe nyingine.

Hakuishia hapo. Akina mama wa vijijini walianzisha vitalu vyao, ingawa wataalamu wa misitu waliona hawawezi bila kusomea. Walilipwa senti chache kwa kila mche ulioshika. Si uliopandwa, ulioshika! Kwangu mimi, hapo ndipo kazi ilipokuwa. Alipopewa Nobeli mwaka 2004, miti ilikuwa imefika kama milioni 30. Alifariki 2011.

Kwa hiyo siku moja inatosha kutukutanisha, basi. Huku Tanzania Juni mvua za masika zimekwisha, na mche unataka maji Julai na Agosti. Wana VIWAWA, mwaka huu tuandikishane kabisa: nani anamwagilia wiki ipi. Picha tutapiga Oktoba, na miche itakayokuwa hai.