Maria Montessori: Daktari aliyemtaka mwalimu wa chekechea ajifunze kujizuia

MZAZI wa Kibugu, Kaunti ya Embu, anapomwacha mtoto wa miaka 4 katika shule ya chekechea na kushika njia kwenda shambani, huwa amemkabidhi mwalimu kiumbe asiyeweza kujitetea. Mtoto huyo akipigwa, akidhihakiwa au akipuuzwa, huenda asiweze kulieleza jambo hilo nyumbani. Kwa hivyo, maadili ya mwalimu wa watoto wadogo hupimwa hasa pale ambapo hapana mtu mzima mwingine anayemtazama.

Aliyelitafakari suala hilo kwa kina ni Dkt Maria Montessori, Mwitaliano ambaye jina lake limebandikwa kwenye malango ya shule nyingi za chekechea, Kenya ikiwemo.

Montessori alizaliwa Agosti 31, 1870 mjini Chiaravalle. Mnamo 1896 alihitimu udaktari mjini Roma, wakati ambapo madaktari wanawake nchini Italia walihesabika kwa vidole. Kazi yake ilimfikisha kwa watoto wenye ulemavu wa akili, waliokuwa wakifungiwa pamoja na watu wazima wagonjwa. Aliwapa vifaa vya kushika, kupanga na kulinganisha. Baadhi yao walipofaulu mitihani ya kusoma na kuandika, hakuridhika na sifa alizomiminiwa. Alijiuliza ni kasoro gani iliyokuwa katika shule za kawaida hata watoto wasio na ulemavu wasiwazidi wenzao hao kwa mbali.

Mnamo Januari 6, 1907 alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa mabanda na umaskini wa San Lorenzo, Roma. Wenye majengo walitaka tu watoto wasiharibu kuta wazazi wakiwa kazini. Montessori aliagiza meza na viti vya kimo cha mtoto, akaweka vifaa mahali ambapo mkono mdogo ungefika, kisha akaketi kutazama. Aligundua kwamba mtoto aliyeachiwa kazi aliyoichagua mwenyewe hutulia bila kutishwa. Zawadi na adhabu zikaondolewa.

Hapo ndipo ulipo msingi wa maadili aliyoyadai. Kwake, mwalimu hakuwa mtawala wa darasa bali mtumishi wa ukuaji wa mtoto. Kabla ya kumrekebisha mwanafunzi, sharti mwalimu ajichunguze na kung'oa hasira na majivuno yake mwenyewe.

Hata hivyo, maisha yake hayakukosa doa. Mwanawe Mario, aliyemzaa nje ya ndoa mnamo 1898, alilelewa na familia nyingine mashambani, na mama na mwana hawakuishi pamoja hadi Mario alipokuwa kijana. Aidha, kuanzia 1924 alikubali ufadhili wa serikali ya Benito Mussolini. Utawala huo ulipotaka kuwadhibiti walimu, uhusiano ulivunjika. Montessori aliihama Italia mnamo 1934, na shule za mfumo wake zikafungwa. Alichelewa, lakini hatimaye alikataa kuwatoa watoto kafara ili apate fedha na heshima.

Alikwenda India mnamo 1939 na kukwama huko wakati wa Vita Vikuu vya Pili, akiendelea kufunza walimu na kuhubiri amani kupitia malezi. Alifariki Mei 6, 1952 nchini Uholanzi, akiwa na umri wa miaka 81.

Nchini Kenya, kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya viboko na mateso ya kiakili, na anayeikiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili. Elimu ya chekechea nayo ilikabidhiwa kaunti na Katiba ya 2010.

Lakini sheria haiketi darasani mchana kutwa. Mtoto anapomwaga uji au kushindwa kushika kalamu, pengo kati ya kitabu cha sheria na shavu la mtoto huzibwa na dhamiri ya mwalimu peke yake. Mwalimu wa Kibugu anayeushusha mkono wake wakati huo hahitaji bango lenye jina la Montessori langoni ili awe mrithi wake.