Waiyaki wa Hinga: Jina unalolipita kila siku ukiwa kwenye matatu

Umekwama kwenye foleni pale Kangemi, simu inalia, na mtu anakuuliza umefika wapi. Unamjibu haraka kwamba uko Waiyaki Way. Jina hilo umelitamka mara nyingi kuliko majina ya babu zako wote wakijumlishwa. Lakini ukiulizwa huyo Waiyaki alikuwa nani, mwana wa nani, na aliacha nani nyuma yake, utajibu nini?

Usijali, si wewe peke yako. Hebu tumfuate leo polepole, maana njia ya kumfuata ndiyo utakayoitumia kesho kuutafuta ukoo wako mwenyewe.

Anza na mahali. Ukisikia Dagoretti leo, unawaza Kawangware, Riruta, Waithaka au zile kelele za steji ya Dagoretti Corner. Rudi nyuma hadi miaka ya 1880. Nairobi haipo. Reli itafika 1899. Dagoretti ni mpakani: huku mashamba ya Wakikuyu, kule malisho ya Wamaasai, na katikati msitu. Watu wa pande hizo mbili walipigana na kuibiana ng'ombe, ndiyo, lakini pia waliuziana chakula na ngozi, wakaoana, na njaa ikibisha hodi wakakimbilia kwa jirani.

Ni katika mpaka huo ndipo ukoo wa Waiyaki unapoanzia. Baba yake alijulikana kama Hinga. Kulingana na masimulizi ya familia, ambayo kitukuu wake Wambui Otieno aliyagusia katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1998, asili yao ilikuwa Umaasaini. Walikaribishwa, wakapata ardhi, wakaoa, na baada ya muda wakawa Wakikuyu kama wengine. Soma tena hapo. Mtu ambaye jina lake husimama kama nembo ya Wakikuyu wa kusini alitoka kwenye ukoo uliohama kutoka kabila jingine.

Waiyaki alikua na kuwa mtu wa kusikilizwa. Wakikuyu hawakuwa na mfalme, kwa hivyo usimwazie kama sultani mwenye kiti cha enzi. Nguvu yake ilitokana na mali, busara, vijana waliokuwa tayari kumfuata, na uwezo wa kuongea na wageni. Misafara kutoka pwani ilipita kwake ikitafuta chakula. Mwaka wa 1887 msafara wa Teleki, mtu wa ukoo bora kutoka Hungaria aliyekuwa akielekea kaskazini, ulipita nchi hiyo na Waiyaki akawa miongoni mwa waliousaidia kupita salama.

Kisha akaja Lugard. Frederick Lugard alifika Dagoretti Oktoba 1890 kwa niaba ya kampuni ya Waingereza iliyopewa idhini ya kuendesha biashara na kutawala eneo hili. Alikuwa njiani kwenda Uganda na alihitaji kituo cha chakula. Yeye na Waiyaki wakachanjiana, yaani wakafanya undugu wa damu, na Lugard akapata pa kujenga ngome yake.

Hapa ndipo penye kiini cha maisha ya Waiyaki. Kwake yeye, kuchanjiana kulikuwa njia ya kumwingiza mgeni katika ukoo. Ndivyo watu wa mpakani walivyoishi tangu zamani, na huenda ndivyo wazee wake walivyopokelewa. Ndugu hakuibii shamba, na ukimkosea ndugu, laana inakufuata. Kwa kampuni, ule ulikuwa mkataba wa kupata kituo.

Lugard aliondoka baada ya wiki chache tu. Aliowaacha, pamoja na misafara iliyofuata, hawakuheshimu undugu huo. Wapagazi waliingia mashambani na kuchukua chakula bila kulipa. Watu wakachoka. Mwaka wa 1891 ngome ya Dagoretti ilihamwa na kuteketezwa. Kampuni ikarudi mwaka uo huo na kujenga nyingine upande wa Kabete, ikaitwa Fort Smith.

Agosti 1892 mambo yakaharibika kabisa. Aliyesimamia Fort Smith wakati huo aliitwa Purkiss. Waiyaki alilaumiwa kwamba alivujisha habari za shambulio ambalo Waingereza walipanga dhidi ya majirani zake. Alipoingia ngomeni ugomvi ulizuka, akajeruhiwa kichwani, akafungwa minyororo, na msafara ukaanza safari ya kumpeleka pwani. Hakufika. Alifariki Kibwezi Septemba 1892 na akazikwa huko huko. Siku ukipanda treni ya SGR kwenda Mombasa, ukiona Kibwezi, jua kwamba mwenye ile barabara yenu amelala sehemu hizo, mamia ya kilomita kutoka kwake.

Kuhusu kifo hicho utakutana na masimulizi mawili. Maandishi ya Wazungu yanasema alikufa kwa jeraha la kichwa. Masimulizi ya Wakikuyu, yaliyoimbwa na kurudiwa hadi wakati wa kupigania uhuru, yanasema alizikwa akiwa hai, kichwa kikitangulia chini. Ukiwa mtafutaji wa ukoo, yaandike yote mawili, na kando ya kila moja uandike nani alisema na alisema lini. La kwanza linakueleza yaliyoripotiwa na waliomkamata. La pili linakueleza jinsi watu wake walivyouhisi msiba ule: kwamba mtu aliyewapa wageni udongo alitupwa ndani ya udongo.

Sasa tumfuate akishuka kwa watoto. Kwa desturi ya Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Wasichana hali kadhalika kwa nyanya zao. Iangalie familia hii: Waiyaki wa Hinga alimzaa Munyua. Munyua akamzaa Waiyaki, yule Tiras Waiyaki aliyekuwa afisa wa polisi enzi za ukoloni. Tiras akamzaa Munyua, ndiye Dkt Munyua Waiyaki, daktari aliyekuwa waziri wa mambo ya nje kuanzia 1974 hadi 1979. Waiyaki, Munyua, Waiyaki, Munyua. Majina yanapokezana kama zamu, na hakuna aliyehitaji daftari. Kama kwenu mnafuata desturi hii, jina lako la nyumbani ni ufunguo: linakuonyesha mlango wa kubisha.

Na usidhani mambo ya ukoo ni ya kupiga soga siku ya Krismasi ukienda ocha. Serikali ya kikoloni ilipounda Tume ya Ardhi mwaka wa 1932, wazee wa mbari za Kiambu walilazimika kueleza nani alimzaa nani na nani alinunua shamba lipi kwa mbuzi wangapi, ili wathibitishe kwamba ardhi waliyonyang'anywa ilikuwa yao. Ripoti ikatoka 1934, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo haikurudi.

Halafu kuna Wambui, dada yake Dkt Munyua. Aliolewa 1963 na wakili SM Otieno, Mjaluo. Otieno alipofariki Desemba 1986, Wambui alitaka amzike karibu na Nairobi, na ukoo wa mume, Umira Kager, ukataka azikwe Siaya. Kesi ilichukua miezi, nchi nzima ikiifuatilia kama mechi ya fainali. Ukoo ulishinda, na Mei 1987 Otieno akazikwa Nyalgunga. Yaani kitukuu wa mtu aliyezikwa mbali na kwao alisimama kortini kupigania kaburi, na swali lilikuwa lile lile la Dagoretti ya 1890: nani ni ndugu, na undugu unakupa haki gani?

Ndiyo maana nakuomba uanze kutafuta wako, wiki hii. Anza na aliye hai. Mpigie shosho, au mtembelee na mkate na majani, kisha umwache aongee. Muulize majina ya wazazi wake, walitoka wapi, walihama kwa sababu gani, na rika lake la kutahiriwa au mwaka wa njaa ulioangukia utoto wake. Rekodi kwa simu, ukiomba ruhusa. Halafu nenda kanisani kwenu ukaulizie vitabu vya ubatizo. Baadaye ingia Makavazi ya Kitaifa pale Moi Avenue, lile jengo unalolipita kila siku ukikimbilia steji. Humo mna faili za wilaya tangu ukoloni.

Nakuonya mapema: huenda ukapata usichotarajia. Labda babu wa babu alikuwa Mmaasai, Mkamba au mtu aliyeokotwa njiani wakati wa njaa. Labda lile kabila unalotukania watu mitandaoni kila msimu wa uchaguzi lina damu yake ndani yako. Ikitokea hivyo, mkumbuke Hinga, ambaye mwanawe ametupa jina la barabara inayopitisha watu wa makabila yote ya Kenya, asubuhi na jioni.

Leo jioni makanga akikuuliza unashukia wapi Waiyaki Way, mjibu. Kisha toa simu, umpigie shosho kabla hajalala.