Fedor Serbinenko: daktari aliyeziba mishipa ya ubongo kwa puto

Mvua kubwa ikinyesha Mwanza, sisi wa Mirongo tunaujua mto wetu. Maji huja kwa kasi na kingo dhaifu hubomoka. Ndani ya ubongo wa baadhi ya watu kuna hali kama hiyo. Mishipa inayopeleka damu imeungana moja kwa moja na ile inayoirudisha, bila vimishipa vidogo vya kupunguza kasi. Mishipa myembamba ikizidiwa, hupasuka.

Zamani tiba kuu ilikuwa kufungua fuvu. Mmoja wa waliobadilisha hali hiyo ni Fedor Serbinenko, aliyezaliwa mwaka 1928 na kufanya kazi katika Taasisi ya Burdenko, Moscow.

Inasimuliwa kwamba katika sherehe za Mei Mosi mwaka 1959 aliona watoto wakichezea maputo yaliyofungwa kamba. Akawaza: puto dogo sana kwenye ncha ya mrija laini si litabebwa na damu hadi ubongoni?

Ilimchukua miaka mingi ya majaribio. Hatari ilikuwa wazi: ukiziba mshipa usiofaa, mgonjwa anapooza. Kwa hiyo alijaza puto kwa muda kwanza, akaangalia hali ya mgonjwa. Kufikia mwaka 1970 aliweza kuliacha puto humo moja kwa moja, likiwa limejazwa silikoni inayoganda, kisha akachomoa mrija. Walionufaika zaidi ni watu ambao mshipa mkubwa ulichanika nyuma ya jicho baada ya kuumia kichwa.

Mwaka 1974 alichapisha Marekani taarifa ya wagonjwa zaidi ya 300, na madaktari wa nchi nyingi wakaifuata njia hiyo. Alifariki mwaka 2002.

Leo, kwa mishipa iliyosokotana vibaya, madaktari hutumia zaidi gundi maalumu inayoganda ndani ya mshipa. Mrija mara nyingi huingizwa kupitia paja. Nchini kwetu, tiba ya mishipa ya ubongo bila kufungua fuvu hutolewa Taasisi ya MOI, Muhimbili. Si kila mgonjwa anaifaa. Wengine bado huhitaji upasuaji au mionzi.

Ndugu msikilizaji, kichwa kikiuma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, upande mmoja wa mwili ukilegea, au degedege likimpata mtu mzima kwa mara ya kwanza, msisubiri kupambazuke. Mpelekeni hospitali mara moja.